Nataka kukipa kituo cha yatima gari langu, lakini kadi bado ina jina la aliyeniuzia

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Isevya, hapa Tabora mjini, na nimefundisha shule za msingi za mkoa huu kwa miaka 34, kuanzia Sikonge hadi Uyui. Mwaka 2013 nilinunua gari aina ya Toyota RAV4, ambalo lilikwisha kutumika, kwa mfanyabiashara mmoja wa Mwanza. Tuliandikishana hati ya mauziano mbele ya wakili, nikakabidhiwa kadi na funguo, nikarudi nalo nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote niliopishana nao njiani. Gari hilo limesomesha wanangu, limezika wazazi wangu wawili, na limebeba madaftari ya kusahihisha mengi kiasi kwamba hadi leo kiti cha nyuma kikipigwa kiganja kinatoa vumbi la chaki.

Mwaka jana nilipatwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia limekwisha kufanyiwa upasuaji na daktari ameniruhusu kuendesha mchana tu, lakini mimi mwenyewe nimeamua kuacha kabisa, kwa sababu jioni moja nilimkosakosa mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa, nami sikumwona mpaka alipopiga kelele. Tangu mwezi Machi gari limesimama chini ya mwembe, na kuku wa mke wangu wameanza kutaga chini yake.

Katika barabara ya kwenda Urambo, umbali wa kilomita 14 hivi kutoka mjini, kipo kituo cha kulelea watoto yatima ambacho baadhi ya watoto wake nimewahi kuwafundisha. Nilipomweleza meneja wa kituo hicho kwamba nataka kuwapa gari langu bure, alifurahi mno, akaniambia nilipeleke hata kesho yake na kwamba mambo ya kadi yatafuata baadaye. Anataka pia kuandaa hafla ndogo, waje waandishi wa habari, na jina langu liandikwe mlangoni mwa gari.

Shida zangu ni tatu. Ya kwanza ni kwamba kadi ya gari bado ina jina la yule mfanyabiashara wa Mwanza. Kila mwaka nilikusudia kwenda kuibadilisha, na kila mwaka ada ya shule ya mtoto mmojawapo ilinitangulia. Aidha, mwaka 2018 injini ilikufa, nikafungiwa nyingine. Ya pili ni mke wangu, ambaye anataka gari liuzwe na fedha ndizo zipelekwe kituoni. Aliniuliza mbele ya wageni, "Kwani hao watoto watakula gari?" Nilikosa jibu, nikakasirika, na hadi leo hatujalizungumza tena. Ya tatu ni mpwa wangu aliye Marekani, anayesema kwamba huko watu wengi huyatoa magari yao kwa mashirika ya hisani wakapunguziwa kodi, na ananisisitiza nidai risiti yenye thamani ya gari ili nami nipate nafuu hiyo kwa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Naomba unishauri nianzie wapi, maana nia yangu ni njema na sipendi iishie kwenye ugomvi au mahakamani.

Mwalimu Mstaafu,
Isevya, Tabora

JIBU LA MSHAURI

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi. Niruhusu nianze na kadi, kwa kuwa hayo mengine yote yananing'inia juu yake.

Kwa jinsi mambo yalivyo leo, Mwalimu, huna gari la kumpa mtu. Unalo la kuendesha, la kuegesha chini ya mwembe na la kutagiwa mayai, lakini katika daftari la Mamlaka ya Mapato mwenye gari ni yule bwana wa Mwanza, na hati yenu ya mauziano ni ushahidi tu kwamba aliuza nawe ukalipa. Hauko peke yako katika hali hii. Nusu ya magari ninayoyajua mimi mjini hapa yanatembea na kadi za watu ambao wenye nayo hawakumbuki hata sura zao. Tunaokoa ada ya siku moja, kisha tunaikuta mbele ya safari ikiwa imezaa.

Kwa hiyo gari lazima lihame mara mbili: kwanza kutoka kwa mfanyabiashara kuja kwako, kisha kutoka kwako kwenda kituoni. Kila mara kuna ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa thamani ya gari, na kila upande lazima uwe na namba ya mlipakodi. Mwenye jina kwenye kadi lazima ashiriki mwenyewe, kwa sababu hakuna anayeweza kuhamisha mali ya mtu kwa niaba yake bila idhini yake. Ikiwa namba yake ya simu umeipoteza, wakili aliyeshuhudia hati yenu anaweza kuwa na kumbukumbu, na nakala ya kitambulisho iliyoambatanishwa kwenye hati inaweza kukusaidia kumtafuta. Ikiwa amefariki, Mungu apishe mbali, basi atakayetia saini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mjane wala mtoto mkubwa kwa kuwa tu ndiye aliyepo nyumbani.

Atatokea mjuaji, huwa hakosekani, atakayekushauri uruke hatua ya kwanza kwa kuandika kwamba mfanyabiashara wa Mwanza amekitolea kituo gari hilo moja kwa moja, ili ulipe ada mara moja tu. Usikubali. Yule bwana hakutoa sadaka, aliuza na akalipwa, na karatasi itakayosema vinginevyo itakuwa ya uongo yenye saini yake na baraka zako. Mwalimu aliyesahihisha madaftari kwa miaka 34 hawezi kuanza uzeeni kuweka vema kwenye jibu lisilo sahihi.

Kuhusu injini, kadi hutaja namba ya chesisi na namba ya injini, na kwa kuwa injini ya sasa siyo ile iliyoandikwa, badiliko hilo linapaswa kuingizwa kwenye kumbukumbu za TRA kabla ya kuhamisha chochote. Tafuta risiti au hati uliyopewa uliponunua injini hiyo; bila karatasi hiyo utaulizwa ilikotoka, na swali hilo lina haki ya kuulizwa. Hapo hapo, angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za usalama barabarani ambazo hazijalipwa, kwa sababu deni hilo litakwama njiani kama mwiba kooni.

Nikueleze kwa nini nimeshikilia sana jambo hili. Mjomba wangu alikipa kikundi kimoja cha huduma pikipiki yake, akawakabidhi ufunguo siku ya Jumapili mbele ya watu, wakampigia makofi, na kadi ikabaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Miaka mitatu baadaye polisi walikuja nyumbani kwake asubuhi akiwa anapiga mswaki, mswaki wenyewe ukiwa bado mdomoni, wakimuuliza kuhusu mtu aliyegongwa na kukimbiwa. Kikundi kilikwisha kuiuza pikipiki, aliyeinunua akaiuza tena, na jina pekee ambalo serikali ilikuwa nalo lilikuwa la mjomba. Alikuja kujinasua, lakini baada ya safari nyingi za kituoni na fedha ambazo zingetosha kununua pikipiki nyingine. Sasa fikiria ya kwako: likitokea la kutokea, wa kwanza kutafutwa atakuwa mtu wa Mwanza ambaye hata hajui kwamba kuna watoto yatima ndani ya gari lenye jina lake.

Ndiyo maana maneno ya meneja, kwamba ulipeleke gari hata kesho na mambo ya kadi yatafuata, yamenisimamisha masikio. Simtuhumu, kwani huenda ni mtu mwema mwenye haraka, na mwenye watoto wa kulisha ana kila sababu ya kuwa na haraka. Lakini kabla ya kumpa chochote, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ya Manispaa ya Tabora au ya Uyui kutegemea kituo kiko upande gani wa mpaka, umuulize mambo mawili. Mosi, je, kituo kina leseni? Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya kulelea watoto hayaendeshwi kwa moyo mwema peke yake. Yanatakiwa kuwa na leseni na kukaguliwa. Pili, nani hasa anakimiliki kituo hicho? Kama ni shirika lisilo la kiserikali, litakuwa na cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na kama kiko chini ya taasisi ya dini, mara nyingi mali husimamiwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Jina lililo kwenye cheti hicho ndilo litakaloingia kwenye kadi, herufi kwa herufi. Likiingia jina la meneja, hata kwa muda, hata kwa sababu kituo "bado kinafuatilia namba ya mlipakodi", utakuwa umempa gari meneja, na siku atakapohama kazi atahama nalo bila kuvunja sheria yoyote.

Sasa nije kwa mama. Mwalimu, ulikasirika kwa sababu uliulizwa mbele ya wageni, na hilo ninalielewa, lakini swali lenyewe ndilo zito kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako. Hajasema usitoe. Ameuliza kitakachotolewa kitawafaa nini wapewaji, na hilo ni swali la mtu aliyepanga bajeti ya nyumba kwa mshahara wa mwalimu.

Tupige hesabu pamoja, kama ubaoni. Kituo kiko kilomita 14 kutoka mjini, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kilomita 28. Wakija mjini siku sita kwa wiki, iwe sokoni, shuleni au hospitali ya Kitete, watakuwa wametembea kilomita 168. Gari la umri huo likienda kilomita 10 kwa lita moja, hiyo ni karibu lita 17 kwa wiki, au lita 72 hivi kwa mwezi, na ukiikadiria lita kwa shilingi 3,000 unapata shilingi 216,000 kila mwezi kwa petroli peke yake. Hapo hujalipa bima, na bima ndogo ni ya lazima kisheria. Tena ile uliyoikata wewe haihami na funguo, kwa kuwa imeandikwa kwa jina lako na si la kituo. Hujabadilisha oili, hujanunua matairi, hujamlipa dereva, na hujamwona fundi, ambaye kwa gari la makamo hayo ni kama ndugu wa familia. Watoto hawatakula gari, mama amesema kweli, lakini gari linaweza kula chakula chao.

Hata hivyo hesabu hiyo ina upande wa pili, na hapo ndipo wewe unaweza kuwa na haki kuliko mama. Uliza kituo wanatumia kiasi gani hivi sasa kwa usafiri: bodaboda za kuwapeleka watoto shuleni, gari la kukodi mtoto anapopandwa na homa saa nane za usiku, kirikuu ya kubeba mahindi na kuni. Waombe wakuonyeshe daftari la matumizi la miezi mitatu iliyopita. Ikiwa tayari wanatumia kiasi kinachokaribia hicho, na wana mtu mwenye leseni ya udereva, basi gari litawaokoa, na lile la usiku halina bei. Lakini ikiwa wanatumia elfu arobaini au hamsini kwa mwezi, utakuwa umewapa mgeni asiyeondoka na mwenye hamu kubwa ya kula. Nakushauri uende huko pamoja na mama, siku ya kawaida, bila taarifa ndefu, naye ndiye aulize maswali ya jikoni. Wewe utaona watoto, yeye ataona magunia yaliyobaki ghalani.

Mkikuta gari haliwafai, mama atakuwa ameshinda kwa hoja na mtaliuza. Kuuza nako kunahitaji kadi yenye jina lako, kwa hiyo safari ya Mwanza haiepukiki. Usimwachie dalali afanye kila kitu, na fedha zipitie akaunti ya benki yenye jina la kituo, au afadhali mlipe wenyewe ada za shule na duka la vyakula mkabaki na risiti.

Ipo pia njia ya tatu ambayo huenda hukuifikiria. Kama fundi ataona gari limechoka kiasi cha kutofaa barabarani, vyuo vya ufundi vinavyofundisha umekanika wa magari, vya VETA vikiwa miongoni mwao, huhitaji magari ya kufungua na kufunga. Huko gari halihitaji petroli ya kila siku wala dereva. Linakaa karakanani, vijana wanalala chini yake na spana, na lile vumbi la chaki kwenye kiti cha nyuma litakuwa limerudi darasani. Uliza kwanza kama wanalihitaji, na kama watalipokea, liingizwe kwenye daftari la mali la chuo na wewe upewe barua.

Kwa njia yoyote mtakayochagua, litoe gari chini ya huo mwembe wiki hii. Gari lililosimama tangu Machi si lile uliloliegesha: betri imekufa, matairi yamebonyea upande mmoja, na mahali penye kuku pana nafaka, penye nafaka pana panya, na panya wa Tabora hawajambo kwa kutafuna nyaya. Mwite fundi unayemwamini alikague, akuandikie kwa mkono yote aliyoyakuta, breki, shokapu, rejeta, hata mlango usiofunguka kwa ndani, na karatasi hiyo mpe anayepokea gari. Zawadi isiwe njia ya kumhamishia mwenzako ubovu asioujua, hasa atakayeutumia kubeba watoto.

La mpwa wako ni fupi. Anayosema ni ya huko aliko, na hata huko si mepesi kama anavyoyasimulia. Nchini Marekani, tangu mwaka 2005, mtu anayetoa gari na kudai kwamba thamani yake inazidi dola 500 kwa kawaida huruhusiwa kuondoa katika mapato yake yanayotozwa kodi kile tu ambacho shirika lilipata lilipoliuza, si bei anayoiota yeye, isipokuwa pale shirika linapolitumia lenyewe kwa kazi zake. Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa kuondolewa katika hesabu ya mapato ya biashara, na usizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Wewe ni mstaafu unayeishi kwa pensheni, huna biashara, kwa hiyo hakuna cha kupunguziwa. Risiti na barua ya shukrani zidai hata hivyo, ili ziwe ushahidi kwamba gari lilitoka mikononi mwako tarehe fulani, saa fulani.

Nenda pia kwa wakili akuandikie hati ya zawadi, itaje namba zote za gari, jina kamili la taasisi, na iambatane na muhtasari wa kikao cha bodi kilichokubali kulipokea. Unaweza kuweka sharti kwamba likiuzwa baadaye fedha zitumike kwa ajili ya watoto. Zaidi ya hapo nisingeweka sharti jingine, maana nimeona watoaji wanaopita kila Jumamosi kuangalia kama gari limeoshwa, na hao huwa hawajatoa bado.

Na hafla? Kama meneja anaitaka ili wahisani wengine wavutike, mkubalie, lakini ifanyike baada ya kadi mpya kutoka ikiwa na jina la kituo, na hapo ndipo ukabidhi funguo, zote mbili, pamoja na ile ya akiba ambayo najua iko kwenye kabati la mama. Jina lako mlangoni ni hiari yako. Mimi ningeomba waandike jina la kituo, ili mtoto akishuka getini Kitete saa nane za usiku, muuguzi ajue mara moja ametoka wapi na ni nani wa kumpigia simu.